Kilo 3.2: hesabu ya ngozi ya paka mzee Lushoto

Mizani ya shangazi yangu, huko juu ya Soni, ni ile ya kuning'iniza, ya kupimia karoti na viazi kabla mzigo haujashuka barabarani. Asubuhi moja tulimtia paka wake kikapuni, tukafunika kwa khanga, tukamning'iniza. Mshale ulisimama kwenye kilo 3.9. Kikapu kitupu pamoja na khanga kilikuwa gramu 700. Paka basi ana kilo 3.2, na hiyo ndiyo namba ya kwanza kuandikwa juu yake tangu azaliwe.

Umri wake ni wa kukumbuka, si wa kuandika: alizaliwa mwaka ambao kitindamimba wa shangazi alimaliza darasa la saba, yaani miaka 14 iliyopita. Madaktari wa mifugo humhesabu paka kuwa mzee akishavuka miaka 10, na majedwali yanayolinganisha umri wa paka na wa binadamu humweka huyu karibu na mtu wa miaka 72. Juu kidogo ya mkia ana kipara cha ukubwa wa kiganja cha mtoto, ngozi imekuwa nyekundu na ina magamba. Ncha ya sikio la kushoto, ambayo ni nyeupe, ina kigaga kisichopona. Kujikuna kwake kunasikika usiku kucha, mguu ukigonga sakafu.

Rafu ya jikoni ilikuwa na dawa nne, hakuna hata moja iliyonunuliwa kwa ajili ya paka: chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, kichupa cha ivermektini ya sindano, Panadol, na prednisoloni zilizobaki shangazi alipougua pumu. Majirani walishapendekeza zote nne. Nilichofanya ni kuchukua kila moja na kuigawa kwa 3.2. Matokeo yake nitayaita kipimo kwa kilo: miligramu za dawa kwa kila kilo ya mwili.

Kwanza mizani yenyewe. Mshale wake huonyesha tofauti ya gramu 100, na gramu 100 kwa paka huyu ni asilimia 3. Kwa kukadiria dawa, kosa hilo linavumilika. Kwa kufuatilia afya halitoshi, kwa sababu kilo 3.2 bila kipimo cha zamani ni nusu ya habari. Kama mwaka jana alikuwa na kilo 4, amepoteza asilimia 20. Mtu wa kilo 70 akipoteza kiasi hicho ni kilo 14, na hakuna familia ambayo isingeshtuka. Paka hukondea chini ya manyoya yake, mtu haoni.

Panadol haihitaji maneno mengi. Kidonge kimoja kina miligramu 500 za parasetamoli. Gawa kwa 3.2, unapata miligramu 156 kwa kilo. Mtu mzima wa kilo 60 akimeza vidonge viwili anapata 16.7 kwa kilo. Kidonge kimoja kwa paka huyu ni zaidi ya mara tisa ya hapo. Lakini hata kulinganisha hivyo kunampotosha msomaji, kwa kuwa kunadhania kwamba ini la paka linafanya kazi kama la mtu, kubwa au dogo tu. Si hivyo. Ini la paka lina upungufu wa njia ambayo miili yetu hutumia kuiondoa parasetamoli, na madhara yameripotiwa kuanzia miligramu 10 kwa kilo. Kwa kilo 3.2 hiyo ni miligramu 32, sehemu moja kati ya kumi na tano za kidonge. Chembe nyekundu za damu huharibika, fizi hugeuka rangi ya udongo, uso huvimba. Hakuna kipande cha Panadol kidogo kiasi cha kumfaa paka.

Dawa ya kuogeshea inataka hesabu ndefu zaidi, maana hapo kosa huwa kwenye kifuniko cha chupa. Chukua sipermethrini ya asilimia 10. Maana yake ni miligramu 100 katika kila mililita. Ikichanganywa mililita 1 kwa lita 1 ya maji, kila mililita ya mchanganyiko inabaki na miligramu 0.1. Tuseme manyoya ya paka aliyelowa yanashika mililita 100: hizo ni miligramu 10, au 3.1 kwa kilo. Sasa badala ya sindano ya kupimia, mtu atumie kifuniko, tuseme kinabeba mililita 5. Kipimo kinapanda hadi 15.6 kwa kilo. Na yule anayepaka mililita 1 bila maji, moja kwa moja juu ya kipara, ameweka 31 kwa kilo mahali ambapo ulimi wa paka unafika. Ng'ombe wa kilo 300 aliyemwagiwa hiyo mililita 1 angepata 0.33.

Madhara ya jamii hii ya dawa kwa paka yamehesabiwa vizuri Australia, kwa dawa ndugu iitwayo permethrini, ambayo huuzwa kwa ajili ya viroboto wa mbwa. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010, madaktari wa wanyama walioulizwa walitaja paka 750 waliodhurika ndani ya miaka miwili. Waliokufa ni 166, asilimia 22. Namba hiyo ikisomwa peke yake inaonekana ni ukali wa sumu, lakini ndani yake kuna mgawanyo. Paka 39 walichomwa sindano ya kuwapumzisha kwa sababu mwenyewe hakumudu gharama za matibabu: asilimia 5.2 ya wote. Vifo vya waliobaki, 127, vilihesabiwa kwa sumu yenyewe. Yaani katika kila vifo vinne, karibu kimoja kilipita kwenye mfuko. Namba hizi zinatoka kwa madaktari waliojibu tu, na paka aliyefia chini ya kitanda bila kupelekwa popote hayumo. Lakini kama gharama zilifanya hivyo Australia, sioni sababu ya kutarajia nafuu Lushoto.

Ivermektini ni habari ya tone. Ya ng'ombe ina miligramu 10 kwa mililita, na kipimo chake ni mililita 1 kwa kilo 50, yaani miligramu 0.2 kwa kilo. Ng'ombe wa kilo 300 anapewa mililita 6. Paka wa kilo 3.2, kwa uwiano uleule, anapata mililita 0.064. Tone moja la maji ni kama mililita 0.05. Tofauti kati ya dozi ya ng'ombe na ya paka ni mara 94, na sindano iliyokuwa kwenye rafu ya shangazi ni ya mililita 10, yenye mistari ya nusu mililita. Mstari wa kwanza kabisa wa sindano hiyo ungempa miligramu 5, sawa na 1.56 kwa kilo: karibu mara nane ya kiwango cha 0.2. Dawa hii huwasaidia paka wenye upele wa utitiri, kwa mkono wa anayejua na sindano ya mililita 1. Shida ya hapa ni chombo.

"Sasa mwanangu," shangazi akauliza, "hii yangu ya pumu nayo ina ubaya gani?"

Swali zuri, na jibu lake lilinichukua jioni nzima. Kidonge cha prednisoloni kina miligramu 5. Kigawe kwa 3.2: 1.56 kwa kilo. Mtu wa kilo 60 kwa kiwango hicho angemeza miligramu 94, karibu vidonge 19 kwa siku. Baada ya Panadol, mtu angetarajia niseme ni sumu. Sivyo. Paka huhimili dawa hii kuliko sisi, na madaktari humwanzishia paka mwenye mzio wa ngozi miligramu 1 hadi 2 kwa kilo, kisha hupunguza. Kidonge kimoja cha shangazi kimo ndani ya kiwango. Kwa hiyo kugawa kwa kilo ni lazima, lakini hakumalizi kazi: parasetamoli iko chini ya uwiano wetu, prednisoloni iko juu yake, na anayejua kipi kiko wapi ni yule aliyesomea mnyama husika.

Bei nitakazotumia kuanzia hapa ni za kukadiria, nimezizungusha ili hesabu ifuatike. Aliyeko Mlalo au Lukozi aweke za kwake. Kidonge cha prednisoloni nimekiweka shilingi 100. Kwa siku 14 za mwanzo kidonge kimoja kila siku: 14. Siku 16 zinazofuata kimoja siku moja, kuacha siku moja: 8. Miezi mitano inayobaki nusu kidonge kila baada ya siku moja: vidonge 7.5 kwa mwezi, jumla 37.5. Miezi sita yote inakula karibu vidonge 60, sawa na shilingi 6,000. Akipewa kizima kila siku kwa sababu "kinamtuliza", ni vidonge 180, shilingi 18,000. Ziada ya shilingi 12,000 haimtishi mtu, ndiyo maana bei haimzuii mtu kuendelea kutoa.

Kinachotisha hakiandikwi kwenye pakiti ya bei. Prednisoloni ikitumika sana na kwa muda mrefu humfanya paka mzee apate kisukari, ngozi yake iwe nyembamba na ichanike, na magonjwa ya kuambukiza yapate mlango. Tufuate kisukari hadi kwenye shilingi. Chupa ya insulini ya binadamu ina mililita 10, uniti 1,000. Paka wa ukubwa huu huanza na uniti 1 mara mbili kwa siku. Kwa karatasi, chupa ingemtosha siku 500. Lakini chupa iliyofunguliwa kwa kawaida hutumika siku 28. Ndani ya hizo paka anatumia uniti 56, na uniti 944 zinamwagwa. Asilimia 94.4 ya kilicholipiwa hakiingii mwilini. Nikiiweka chupa shilingi 20,000, na sindano 60 za mwezi kwa shilingi 500 kila moja, ninapata 20,000 na 30,000. Sindano tupu zimeishinda dawa. Jumla ni shilingi 50,000 kwa mwezi, na bado sijahesabu jokofu wala umeme wake.

Shilingi 50,000 ni nyingi au kidogo? Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza Januari 2023 iliweka shilingi 140,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa kilimo. Tiba ya madhara ya dawa ya shilingi 100 ni asilimia 35.7 ya mshahara huo. Miezi sita yake ni shilingi 300,000. Kwa hiyo hata kama uwezekano wa kisukari ungekuwa asilimia 2 tu, gharama inayojificha (asilimia 2 ya 300,000) ni shilingi 6,000, sawa kabisa na bei ya vidonge vyote. Sidai kwamba uwezekano ni asilimia 2. Nasema kwamba kwa uwezekano wowote uliozidi hapo, bei ya kweli ya prednisoloni ni zaidi ya mara mbili ya iliyolipwa dukani.

Kuna kipimo cha tahadhari ambacho hakigharimu kitu, na shangazi alikipenda. Paka anayekunywa zaidi ya mililita 50 za maji kwa kilo kwa siku anapaswa kutiliwa shaka. Kwa kilo 3.2 hiyo ni mililita 160, chini ya theluthi ya chupa ya nusu lita. Asubuhi unajaza bakuli kwa kipimo, asubuhi inayofuata unamimina kilichobaki kwenye chupa na kusoma. Siku tatu mfululizo juu ya 160, dawa haiachwi ghafla, lakini safari ya kwenda kwa daktari haisubiri. Figo zinazochoka nazo huongeza kiu, na kwa paka wa miaka 14 hilo si la ajabu.

Kabla ya prednisoloni kuna swali moja ambalo rafu haiwezi kulijibu: kipara ni cha nini? Kama ni choa, yaani ukungu wa ngozi, prednisoloni itaulisha, na choa cha paka huruka kwenda kwa watoto kama mapunye. Bwana mifugo alipofika alikwangua magamba, akachana manyoya kwa kitana chenye meno ya kubanana juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa. Chembe nyeusi zilidondoka, zikaacha michirizi ya wekundu kwenye karatasi: kinyesi cha viroboto, damu iliyokauka. Sehemu ya juu ya mkia ndipo mzio wa viroboto unapopenda kukaa. Ziara yake nimeiweka shilingi 20,000. Ndiyo iliyofanya namba zote zilizotangulia ziwe na maana.

Kiroboto wa kike hutaga mayai yanayofikia 40 hadi 50 kwa siku, na kanuni inayotumiwa na wataalamu inasema wanaoonekana kwenye mnyama ni asilimia 5 tu ya wote. Asilimia 95 ni mayai, viluwiluwi na vifuko vilivyomo sakafuni, kwenye magunia na matandiko. Kanuni hiyo ni ya kukadiria, na baridi ya Lushoto mwezi Julai huwachelewesha kukua. Hata ikiwa ni asilimia 85, hesabu haibadiliki upande: dawa ya mgongoni ya paka peke yake inapigana na sehemu ndogo. Tone la fipronili la paka, mililita 0.5 zenye miligramu 50, nimeliweka shilingi 25,000. Nyumba ina paka wawili na mbwa mmoja. Wote watatu kwa miezi mitatu, nikimhesabia mbwa bei ileile: shilingi 225,000, mshahara wa mwezi na zaidi ya nusu.

Njia ya pili ni paka mzee pekee apate tone, shilingi 75,000 kwa miezi mitatu, na nyumba ifagiliwe, magunia yachemshwe na kuanikwa. Kazi hiyo watu huiandika sifuri. Nusu saa kwa siku kwa siku 90 ni saa 45. Shilingi 140,000 kwa siku 26 za saa nane ni shilingi 673 kwa saa. Saa 45 ni shilingi 30,288, za mwanamke mwenye umri wa kupumzika. Jumla karibu 105,000. Ni chini ya nusu ya njia ya kwanza, ila inaacha mbwa akileta viroboto wapya, na hapo ndipo naiona dhaifu.

Viroboto wa Lushoto wana historia yao. Kati ya 1980 na 2004 wilaya hii iliripoti zaidi ya wagonjwa 7,000 wa tauni; kwa miaka 25 hiyo ni wastani wa watu 280 kwa mwaka katika wilaya moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulihusisha wingi wa kiroboto wa binadamu ndani ya nyumba na vijiji vilivyopigwa mara nyingi. Paka naye huugua tauni na anaweza kuileta: Marekani, kati ya 1977 na 1998, walihesabiwa watu 23 walioambukizwa kupitia paka, na 5 walikufa, asilimia 21.7. Kuziweka 280 kwa mwaka na moja kwa mwaka bega kwa bega si haki, kwa kuwa ya kwanza ni tauni ya njia zote na ya pili ni ya paka peke yake. Lakini zinatosha kuonyesha kwa nini paka mwindaji wa panya na kitana cha viroboto viko kwenye hesabu moja huku milimani.

Kuna madhara mengine niliyotaka kuyaweka mezani, kwa sababu mtaalamu mmoja alitaja tezi ya shingo alipoona paka amekonda. Dawa ya tezi hiyo, methimazoli, ilifuatiliwa kwa paka 262 katika utafiti wa mwaka 1988. Waliopata madhara yaliyoonekana ni 48, asilimia 18.3, na 6 kati ya wote walijikuna uso na shingo hadi kujichubua: asilimia 2.3. Dawa inayoleta ugonjwa wa ngozi kwa mgonjwa wa ngozi ingetuchanganya vibaya. Hata hivyo ugonjwa wa tezi umehesabiwa zaidi kwa paka wa ndani wa Ulaya na Marekani wanaokula vya makopo. Huyu anakula ugali, dagaa na panya. Damu ipimwe kwanza.

Limebaki sikio. Kipara kimeanza kuota manyoya, lakini kigaga cha ncha nyeupe hakijasogea. Utafiti wa California wa mwaka 1971 ulionyesha kwamba paka weupe wana hatari mara 13.4 ya saratani ya ngozi itokanayo na jua kuliko wenye rangi. Mara 13 ya kitu kidogo inaweza kubaki kidogo. Lakini Lushoto iko mita 1,400 juu ya bahari, na mionzi ya jua inayounguza ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000, yaani asilimia 14 juu ya Tanga, ikiwa ukungu wa asubuhi hauipunguzi. Miaka 14 ya kulala juu ya ukuta ule ule unaoelekea mashariki.

Hospitali ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, iko zaidi ya kilomita 300 kwa barabara. Nauli nimeiweka 25,000 kwenda na 25,000 kurudi, malazi ya usiku mmoja 20,000, chakula 10,000: shilingi 80,000 kabla daktari hajashika kisu. Kukata ncha ya sikio mapema ni kazi ndogo. Ikishafika kwenye mfupa wa sikio hakuna kiasi kinachotosha. Shangazi ameziangalia hizo 80,000 kwa muda, akauliza karoti zinaendaje kwa gunia wiki hii. Wataondoka Jumatatu, kwa basi la alfajiri, na kikapu kile kile.